Kuuacha Mpira Upite: Jinsi ya Kuisoma Safari ya Alastair Cook

Kati ya Machi 2006 na Septemba 2018, mpigaji wa kriketi Alastair Cook alikabiliana na mipira 26,562 katika mechi za testi, zile za siku tano kati ya mataifa, akiichezea Uingereza, akakusanya mikimbio 12,472; mkimbio ndio alama ya mchezo huu. Kwa hesabu hiyo, kila mpira ulimpa chini ya nusu mkimbio. Aliyezoea kriketi ya ova 20 (ova moja ni mipira sita), ambako mpigaji anayekwenda mwendo huo angefokewa na mashabiki wake mwenyewe, atauliza ukubwa wa mtu huyu uko wapi. Uko katika ile mipira ambayo hakuigusa. Hakuna Mwingereza aliyekuwa amefika hata mikimbio 10,000 ya testi kabla yake, na Cook alifika akiwa na umri wa miaka 31 kwa sababu alijua, kuliko karibu wenzake wote, ni mpira upi wa kuuacha ukapita.

Ili jambo hilo lieleweke, tuanze na kazi ya mfunguzi, yaani mmoja wa wale wapigaji wawili wanaoingia uwanjani wa kwanza timu inapoanza zamu yake.

Mfunguzi hukutana na mpira ukiwa mpya. Mpira wa kriketi una uzito wa kati ya gramu 156 na 163, ngozi ngumu inayong'aa, na mshono ulionyanyuka unaouzunguka katikati. Mrushaji akiuinamisha mshono huo kidogo, upepo hupita umevurugika upande mmoja na umetulia upande wa pili, na mpira hupinda hewani kuelekea upande ulikoelekezwa mshono. Ukitua chini juu ya mshono, unaweza kuchepuka kushoto au kulia, na mara nyingi mrushaji mwenyewe hajui utaelekea wapi. Mrushaji wa kasi ya kilomita 140 kwa saa humfikishia mpigaji mpira kwa takriban nusu sekunde. Ndani ya nusu sekunde hiyo mpigaji anapaswa kuona urefu na mstari wa mpira, kuamua, kusogeza miguu na kushusha gongo ambalo upana wake hauruhusiwi kuzidi sentimita 10.8.

Kadiri ova zinavyopita, ngozi huchakaa, mng'ao hupungua, mshono hulala. Wapigaji wa namba nne na tano, ambao ndio hupendwa zaidi na watazamaji, mara nyingi huingia wakati mpira umeshalainika. Katika testi nahodha anaruhusiwa kuomba mpira mwingine mpya baada ya ova 80, kwa hiyo mfunguzi aliyekaa muda mrefu hulazimika kuanza upya kazi ileile akiwa amechoka.

Tena mipira haifanani. India hutumia mpira wa chapa ya SG, Australia Kookaburra, Uingereza Dukes. Kookaburra hupinda kwa ova kumi na kitu hivi za mwanzo, kisha mshono wake hulala na wapigaji hupumua. Dukes hushonwa kwa mkono, mshono wake hubaki umesimama kwa muda mrefu, na chini ya mawingu ya Mei huko Uingereza unaweza kusumbua hata baada ya ova 40. Ndiyo maana si haki kuulinganisha wastani wa mfunguzi wa Kiingereza na wa mpigaji wa namba tano bila kuangalia mechi zilichezwa wapi na kwa mpira gani. Cook alimaliza na wastani wa 45.35. Kwa mtu aliyefungua karibu kazi yake yote, na nusu yake akiwa nyumbani, hiyo ni namba nzito kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Basi mpira unaachwaje?

Nyuma ya mpigaji kuna vijiti vitatu, ambavyo kwa pamoja huitwa wiketi. Kwa pamoja vina upana wa sentimita 22.86 na kimo cha sentimita 71.1. Mrushaji mzuri hulenga kijiti cha nje au kiganja kimoja pembeni yake, kwa sababu hapo mpigaji hana uhakika: akipiga, mpira unaweza kugusa ukingo wa gongo ukadakwa na mlinda wiketi au na wale wadakaji wanaosimama kando yake, waitwao slipu; asipopiga, huenda ukarudi ndani na kung'oa kijiti. Mpigaji hujipangia mahali pa kusimama kwa kuchora alama kwenye mstari wake, mwamuzi akimwelekeza, ili wakati wowote ajue kijiti cha nje kiko wapi bila kugeuka. Kichwa kikitulia juu ya mstari huo, macho huwa rula: mpira unaokuja nje ya macho huachwa. Kule Australia, ambako pichi, ule ukanda wa ardhi ambako mpira hurushwa, ni ngumu na mpira hudunda juu, kuna kipimo cha pili, kimo. Mpira unaweza kuja moja kwa moja na bado ukaachwa, maana utapita juu ya vijiti.

Kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Mpira ukigonga pedi, kinga ya mguu ya mpigaji, nje ya mstari wa kijiti cha nje, mpigaji aliyejaribu kuupiga kwa dhati hawezi kutolewa kwa kosa la mguu mbele ya wiketi. Aliyeinua gongo juu kuuacha anaweza kutolewa, iwapo mwamuzi ataona ungeigonga wiketi. Kuacha mpira ni kuamua, na ni kuamua kwa kujitia hatarini. Wanaodhani Cook alikuwa amesimama tu hawajaitazama miguu yake.

Faida yake huja taratibu. Mrushaji ambaye mipira yake mitano kati ya sita imeachwa huanza kuona nguvu zake zinapotea bure. Husogea karibu na mwili wa mpigaji kumlazimisha apige, na hapo Cook alikuwa anamsubiri. Mapigo yake makuu yalikuwa matatu: kuusukuma mpira unaokuja mapajani kuelekea upande wa mguu, yaani ule ilipo miguu yake, kuuvuta mpira mfupi unaofika kifuani, na kuukata ule mfupi ulio mpana. Pigo la mbele la kunyoosha gongo, ambalo ndilo warembo wa kriketi husifiwa nalo, alilitumia kwa uchache, hasa mpira ulipokuwa mpya. Hakuwa na aibu na ufinyu huo. Kwa maoni yetu ndio ulikuwa akili yake kubwa zaidi: alijua duka lake lina bidhaa tatu, akakataa kuuza ya nne.

Cook, aliyezaliwa Gloucester tarehe 25 Desemba 1984 na kuimba utotoni katika kwaya ya kanisa kuu la St Paul's jijini London, alikuwa akipiga kwa mkono wa kushoto. Hilo nalo lina hesabu yake. Mrushaji wa mkono wa kulia akitokea upande wake wa kawaida, mpira humkata mpigaji wa kushoto ukienda nje, mbali na vijiti, na mingi yake inaweza kuachwa kwa usalama. Mrushaji yuleyule akihamia upande wa pili wa wiketi, mpira huja ukilenga vijiti na kumlazimisha mpigaji acheze. Ukinyooka au ukitoka kidogo baada ya kutua, ukingo wa gongo uko hatarini. Miaka ya Cook ya mavuno ni ile ambayo warushaji walibaki upande wa kwanza au walikosa nidhamu walipohamia wa pili. Miaka yake ya njaa ni ile waliyohama na kutulia hukohuko.

Alianza kwa kishindo. Machi 2006 alikuwa ziarani Karibi na kikosi cha pili cha Uingereza alipoitwa India kwa dharura, kwa sababu mfunguzi Marcus Trescothick alikuwa amerudi nyumbani. Akasafiri, akafika Nagpur, akafunga 60 na 104 bila kutolewa katika testi yake ya kwanza, akiwa na miaka 21. Akacheza ya pili, akaikosa ya tatu kwa maradhi ya tumbo, kisha hakukosa tena hata moja. Testi 159 mfululizo, akivunja rekodi ya 153 ya Allan Border. Katika mchezo wa siku tano unaovunja vidole na magoti, mfululizo huo peke yake ungetosha kuandikiwa makala.

Lakini kati ya vilima kulikuwa na mabonde, na la 2010 linafundisha zaidi.

Kasoro ya Cook ilikuwa moja na ilijirudia kila alipopoteza mizani. Mguu wake wa mbele ulikanyaga mapema na kuvuka kuelekea upande wa nje, kichwa kikaufuata, uzito ukaanguka. Kichwa kikianguka, ile rula ya macho hupinda. Mpira ulio nje ya kijiti huonekana kama uko juu yake, naye huufuata kwa mikono iliyo mbali na mwili. Mpira ulionyooka humkuta mguu ukiwa kizuizi mbele ya gongo, naye hulazimika kuuzunguka. Kwa hiyo hutolewa kwa njia mbili zinazoonekana tofauti, kudakwa nyuma na mguu mbele ya wiketi, kumbe chanzo ni kimoja. Mtazamaji husema bahati imemkimbia. Mwalimu hutazama miguu.

Alikuwa amejaribu kuitibu kasoro hiyo kwa kubadilisha namna ya kuinua gongo na kusogea kabla ya mpira kurushwa. Majira ya joto ya 2010, dhidi ya Pakistan iliyokuwa na warushaji Mohammad Asif na Mohammad Amir, dawa ikawa kali kuliko ugonjwa. Zamu baada ya zamu alitolewa mapema, na magazeti yakaanza kutaja majina ya watu wa kumrithi. Kabla ya testi ya uwanja wa The Oval mwezi Agosti aliyatupa mabadiliko yale, akarudi kwenye umbo ambalo mwili wake ulilizoea, na katika zamu ya pili akafunga 110. Mikimbio ya kumfikisha mia ilitokana na kosa: Asif aliokota mpira, akautupa ovyo, ukapita wadakaji hadi mpakani, na mpira ukifika huko mpigaji hupewa mikimbio minne. Uingereza ilishindwa mechi ile, lakini nafasi ya Cook ilikuwa imeokoka.

Miezi mitatu baadaye alikuwa Australia. Orodha ya zamu zake katika Ashes ya 2010–11, mfululizo wa testi kati ya Uingereza na Australia, inastahili kuandikwa yote: 67, 235 bila kutolewa, 148, 32, 13, 82, 189. Jumla 766, kwa zamu saba, akiwa amesimama kwenye pichi karibu saa 36. Huko Brisbane Uingereza ilikuwa nyuma kwa mikimbio 221 baada ya zamu ya kwanza. Ikamaliza ya pili kwa 517 kwa wiketi moja tu, yaani mpigaji mmoja tu alikuwa ametolewa. Mpira wa Kookaburra ulikuwa umelainika, warushaji wakaanza kujaribu mambo, na kila walipojaribu walimletea mojawapo ya zile bidhaa tatu. Uingereza ilishinda mfululizo ule 3–1, mara yake ya kwanza kushinda Ashes ugenini tangu 1986–87.

Hapo kulikuwa na kitu kidogo ambacho wachezaji wenzake walikijua vizuri. Cook hatoki jasho kama watu wengine. Kwa mpigaji, maana yake ni glavu kavu na mshiko usioteleza baada ya saa sita. Kwa timu ikiwa inarusha, alikabidhiwa kazi ya kuutunza na kuung'arisha mpira, maana mpira ukitakiwa upinde ukiwa mkuukuu, lazima upande mmoja ubaki mkavu kabisa.

Mwaka 2011 alifunga 294 dhidi ya India huko Edgbaston, zamu yake kubwa kuliko zote. Agosti 2012 Andrew Strauss alistaafu na Cook akawa nahodha kamili. Ziara yake ya kwanza ikawa India, ambako Uingereza haikuwa imeshinda mfululizo tangu 1984–85. Huko Ahmedabad Uingereza ilishindwa, lakini yeye alifunga 176 katika zamu ya pili baada ya timu yake kulazimishwa kurudi kupiga mfululizo. Watu walioitazama zamu ile waliona jibu limepatikana: dhidi ya mpira wa kuzungusha alisubiri, akacheza akiwa ameegemea mguu wa nyuma, akaukata ule mfupi na kuufagia ule mrefu, bila haraka. Mumbai alifunga 122 na Kevin Pietersen 186, huku warushaji Graeme Swann na Monty Panesar wakigawana wiketi 19. Kolkata akafunga 190, akatolewa kwa kukimbia. Mfululizo ukaisha 2–1 kwa Uingereza. Ukihesabu mechi mbili alizoongoza kwa muda Bangladesh mwaka 2010, alikuwa amefunga mia katika kila mojawapo ya testi tano za kwanza za unahodha wake, jambo ambalo hakuna nahodha aliyekuwa amelifanya.

Kisha maji yakafika shingoni. Ashes ya 2013–14 Uingereza ilipigwa 5–0, mrushaji wa Australia Mitchell Johnson akichukua wiketi 37. Cook alipata mikimbio 246 kwa zamu kumi. Huko Perth mpira wa kwanza kabisa wa zamu ya pili, wa Ryan Harris, ulimpita na kuigonga wiketi. Ile kasoro ya mguu ilikuwa imerudi, na safari hii warushaji walijua waende upande gani. Mia aliyofunga Mei 2013 ilifuatiwa na zamu nyingi kavu. Alisubiri hadi Mei 2015 huko Barbados ndipo akapata nyingine. Katikati ya kiangazi hicho kirefu, Julai 2014 huko Southampton, alikuwa na 15 alipougusa mpira kwa ukingo na Ravindra Jadeja akaudondosha pale slipu. Alifunga 95. Nani ajuaye, mkono ule ungefunga ingekuwaje? Kazi za wafunguzi zimejaa matukio ya namna hii, na anayezisoma bila kuyahesabu husoma nusu.

Kriketi ya ova 50 ilimtoa mapema. Alicheza mechi 92, akapata mikimbio 3,204, akafikisha mia mara tano, akaifikisha Uingereza fainali ya kombe la mabingwa la 2013 waliyoshindwa na India kwa mikimbio mitano. Desemba 2014, wiki chache kabla ya Kombe la Dunia, alivuliwa unahodha na kuachwa nje ya kikosi. Eoin Morgan akachukua. Iliuma, lakini sababu yake inaeleweka ukijua tofauti ya kazi. Katika ova 50 mpira ni mweupe, hupinda kwa muda mfupi, na mwanzoni wadakaji wachache tu wanaruhusiwa kusimama mbali. Mfunguzi huko hutafuta mikimbio mapema. Nairobi ilishuhudia mfano mzuri tarehe 10 Oktoba 1997, pale Gymkhana, Kennedy Otieno alipofunga 144 na Dipak Chudasama 122 dhidi ya Bangladesh. Wawili hao walijenga 225 kabla ya wiketi ya kwanza kuanguka, rekodi ya dunia ya wafunguzi kwa wakati huo, na Kenya ikafika 347 kwa wiketi tatu. Walichokifanya Otieno na Chudasama siku ile hakikuwa ndani ya ghala la Cook, kama ambavyo wafunguzi wengi wa ova 50 wasingeweza kukaa saa sita wakiacha mipira huko Leeds.

Lipo jambo jingine linalofichwa na takwimu za mtu mmoja. Ufunguzi hufanywa na wawili. Cook na Strauss walikusanya pamoja zaidi ya mikimbio 4,700 wakifungua, rekodi ya Uingereza. Baada ya Strauss kuondoka, Cook alipitia wenzake 12: Compton, Root, Carberry, Robson, Trott, Lyth, Moeen Ali, Hales, Duckett, Hameed, Jennings, Stoneman. Mwenza asiyetulia humwongezea mpigaji mzigo. Mrushaji hapumziki, mpira unabaki mpya wiketi zikianguka, na anayebaki huanza kucheza kana kwamba hana ruhusa ya kukosea.

Aliyoyafanya akiwa amechoka ndiyo yanayotushangaza zaidi. Oktoba 2015 huko Abu Dhabi, katika joto la Ghuba, alisimama dakika 836 kufunga 263 dhidi ya Pakistan. Alijiuzulu unahodha Februari 2017 baada ya testi 59. Katika Ashes iliyofuata alikusanya mikimbio 83 tu kwa zamu sita za kwanza, na mfululizo ukawa umepotea tayari. Zamu ya saba, Melbourne, aliingia wa kwanza na kubaki hadi mwenzake wa mwisho alipotolewa: 244 bila kutolewa. Hakuna mfunguzi aliyekuwa amefikisha namba kubwa hivyo katika testi huku wenzake wote wakimwacha pichini.

Alitangaza kustaafu testi Septemba 2018, akichagua mechi ya mwisho iwe The Oval, dhidi ya India ileile aliyoanza nayo Nagpur. Alifunga 71, kisha katika zamu ya pili akafika 96. Akaukata mpira, bidhaa ya tatu, akakimbia mara moja. Jasprit Bumrah akautupa kuelekea wiketi, ukakosa, hakukuwa na mtu wa kuuzuia, ukaenda hadi mpakani. Mikimbio mitano kwa pigo moja, naye akawa na 101, uwanjani palepale ambapo mtupo mbovu wa Asif ulikuwa umemwokoa miaka minane nyuma. Watazamaji walisimama wakapiga makofi kwa dakika kadhaa, mchezo ukiwa umesimama. Aliongeza 46 zaidi kabla ya kutolewa. Kisha akarudi klabu yake ya Essex, ambako aliendelea kufungua, na kuacha mipira, hadi 2023.